Kabla ya Kuchagua Ufukwe, Utazame Mwezi

Wifi yangu alitaka watu, mimi nilitaka kimya. Usiku ule tulikuwa nyumbani kwangu Mbeya, ramani ya Zambia imetandazwa mezani na chai inapoa. Yeye anauza vitenge Dar es Salaam. Likizo kwake ni mahali penye samaki wa kukaanga, muziki wa mbali kidogo, na watu wapya wa kuzungumza nao mpaka usingizi umshike. Mimi ni mwalimu. Mwaka mzima masikio yangu yamejaa sauti za watoto, na likizo kwangu ni kusikia maji yakigonga mchanga, basi.

"Wifi," aliniambia, "kimya nitakikuta kaburini. Mimi nipeleke penye watu."

Sikumlaumu. Kila anayepanga safari ya pwani hukutana na swali hilihili. Wanaokwenda Unguja huulizana Nungwi au Jambiani. Wanaokwenda Lamu huulizana walale mjini penye vichochoro na punda, au waende Shela penye mchanga mtupu. Sisi hatukuwa tunakwenda baharini. Tulikuwa tunakwenda Ziwa Mweru, kaskazini mwa Zambia, kwenye mpaka na Kongo, na sababu yake ilikuwa jina moja nililoliona kwenye ramani: Kilwa. Tena liliandikwa mara mbili, kisiwa upande wa Zambia na mji upande wa Kongo. Mimi niliyefundisha habari za Kilwa Kisiwani kwa miaka mingi, sikuweza kuliona jina lile katikati ya bara nikalipita tu.

Tukakubaliana kugawana siku. Nusu tungekaa Kashikishi, mji wa wavuvi na wachuuzi ulioshikana na boma la Nchelenge. Nusu tungekaa Kabuta, kijiji cha ufukweni katika wilaya hiyohiyo. Tuliamini tumelimaliza.

Tulipanda treni ya TAZARA Mbeya. Reli hii ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ilijengwa kwa mkopo na mafundi wa China, kazi iliyoanza 1970, na mpaka leo ndiyo njia ya mtu asiye na haraka. Wachuuzi wake wanajuana kama majirani wa mtaa mmoja. Mbele yetu aliketi mama mmoja Mzambia aliyekuwa akirudi kutoka kuuza samaki wakavu Tunduma. Kiswahili chake kilikuwa cha mpakani, kifupi na chenye nguvu. Tulipomweleza mpango wetu aliusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mkitaka watu, shukeni Kashikishi. Mkitaka kulala, nendeni Kabuta. Lakini mmeangalia mwezi?"

"Ni Julai, mama," nikamjibu.

Alinitazama kidogo, akatabasamu, akageukia dirisha. Maneno yale niliyakumbuka siku kadhaa baadaye, nikiwa nimesimama gizani miguu yangu ikiwa kwenye maji.

Kasama tulifika usiku, tukalala. Kesho yake basi lilitupitisha Luwingu hadi Mansa, makao makuu ya Mkoa wa Luapula, na siku iliyofuata tukashuka na bonde la Mto Luapula kuelekea kaskazini. Barabara ile haina pori refu. Kijiji kinaishia mlangoni mwa kingine, nyumba za matofali ya kuchoma, miembe, na mihogo iliyorowekwa ikaanikwa mpaka imekuwa myeupe kama chokaa. Mimi nimezaliwa Kigoma, nimekulia ugali wa muhogo. Kuiona ile mihogo kando ya barabara kulinifanya nijisikie nimefika kwa shangazi.

Tulipita Mbereshi, ambako wamisionari kutoka London walijenga kituo mwaka 1900, na ambako Mabel Shaw alikuja 1915 kuanzisha shule ya bweni ya wasichana. Tulipita pia Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa huku. Mwishoni mwa Julai watu humiminika hapo kwa sherehe ya Mutomboko, Mwata anapocheza ngoma ya ushindi mbele ya watu wake. Sisi tuliwahi mno, viwanja vilikuwa ndiyo kwanza vinafagiliwa. Lakini nililiangalia lile boma kwa moyo mzito. Livingstone alipolifikia Ziwa Mweru tarehe 8 Novemba 1867 na kwenda kwa Kazembe wa wakati huo, alimkuta Mohammed bin Saleh, mfanyabiashara wa kutoka kwetu, ameshakaa kwa miaka. Kiswahili kilikwishatangulia. Kilikuja na shanga na nguo, kikaondoka na pembe za ndovu na watu waliofungwa. Msemaji wa Kiswahili anayekwenda kupumzika Mweru anakwenda mahali ambapo lugha yake ina deni. Nilimwambia wifi hivyo, naye akanyamaza mpaka maji yalipoonekana.

Maji yalionekana ghafla, upande wa kushoto, kati ya miembe. Mweru lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 5,000, na urefu wake unazidi kilomita 100, lakini kina chake ni kidogo, kwa wastani hakifiki hata mita kumi. Luapula huingilia kusini, na maji hutoka kaskazini, Pweto upande wa Kongo, yakiitwa Luvua, yakienda kuungana na Mto Kongo. Jina lenyewe, Mweru, wanalieleza kuwa ni "ziwa" tu. Aliyeliita hivyo hakuwa na haja ya kulitofautisha na lingine.

Kashikishi ilimpokea wifi kama mtu wake. Hatujatua mabegi alikuwa ameshajifunza kusema "Mulishani mukwai" na kujibu "Bwino." Soko la pale linamwagikia karibu na maji. Ukitoka kwenye mchele na sabuni unaingia kwenye chumvi na nyavu, ukitoka kwenye nyavu uko mwaloni. Mitumbwi ya kuelekea kisiwa cha Kilwa inapakia watu, kuku, magodoro na makreti ya soda. Kuna samaki wanayemwita "pale", jamaa ya sato wetu, anayekaangwa mzima mpaka mapezi yanavunjika kama biskuti. Na kuna chisense, visamaki vidogo kuliko dagaa wa Kigoma, vimelundikwa chini kama mchanga wa fedha na kupimwa kwa meda, kile chombo cha plastiki ambacho Wazambia hupimia kila kitu kuanzia mahindi.

Katikati ya lugha ya Kibemba nilikisikia Kiswahili. Wanawake wawili wa Kongo walikuwa wakibishana bei ya vitenge, na wifi yangu, ambaye vitenge ndiyo riziki yake, hakuweza kupita. "Siye tunavukaka kila wiki," mmoja alimwambia, kwa ile "-aka" ya Katanga inayoonyesha mazoea. Walikaa pamoja hadi jua likawa linashuka, wakilinganisha bei za Lubumbashi na za Kariakoo. Mimi nilirudi na kitabu changu kwenye nyumba ya wageni, nikajaribu kusoma. Ilishindikana. Mwezi ulichomoza nyuma ya mji, mpevu, mkubwa, wakati uleule jua likizamia ziwani upande wa Kongo, na mji mzima ukatoka nje. Vijana walijaa barabarani. Muziki ulitoka milango mitatu kwa mara moja. Wanaume wenye mabega ya kupiga makasia walikaa kwenye mabenchi wakicheza drafti na kucheka. Usiku wa kwanza hivyo, wa pili hivyo, wa tatu hivyo. Wifi alichanua. Mimi nilihesabu siku za kwenda Kabuta.

Jambo moja nililiona na sikulitilia maanani. Usiku, ziwa lilikuwa tupu. Mwanga wa mwezi uliliangaza kote, na hapakuwa na taa hata moja juu yake.

Siku ya tano tukapanda gari dogo kwenda Kabuta. Tulipangishiwa chumba kwa mama mmoja mjane, nyumba ya matofali yenye bati, uwanja umefagiliwa mpaka unaonyesha mistari ya ufagio. "Mwaiseni," alitukaribisha akipiga makofi polepole kwa heshima. Mbele ya uwanja palikuwa na mchanga, na mbele ya mchanga, maji. Hakuna kingine. Mbuzi wawili, mtumbwi uliopinduliwa, nyavu zimeanikwa juu ya miti. Ilikuwa saa tano asubuhi, na kijiji kizima kilikuwa kimenyamaza kama nyumba ya mgonjwa. Niliketi mkekani nikavuta pumzi ndefu. Wifi aliangalia huku na huku, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Watu wamehama?"

Mama mwenye nyumba alimsikia. Kiswahili alikijua kidogo kutoka kwa jamaa zake wa ng'ambo ya Kongo. Aliweka kidole mdomoni, akaonyesha nyumba za jirani moja baada ya nyingine. "Wamelala," akasema. "Walikuwa kazini."

Maneno matatu hayo yaliuvua utulivu wa Kabuta nguo niliyokuwa nimeuvika. Nilikuwa nimeuona kama mali ya mahali, kama mchanga na miti, kitu kilichokuwa kinaningojea mimi. Kumbe ulikuwa usingizi wa watu waliochoka. Watoto walikuwa wakicheza kwa kunong'ona kwa sababu baba na kaka zao walikuwa wamelala. Kuanzia saa ile sikuthubutu hata kuburuta kiti.

Jioni nikaona kazi yenyewe. Jua lilipogusa maji, milango ikafunguka. Wanaume walishuka na makasia, nyavu laini kama chandarua, na taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, sasa nyingi ni za betri zinazochajiwa kwa jua. Waliingia majini bila maneno mengi. Giza lilipokaa sawasawa, kwa kuwa mwezi sasa ulikuwa unachelewa kutoka, taa ikawaka moja kule mbali. Kisha tano. Kisha sikuweza kuhesabu. Mstari wa taa ulitanda kutoka kaskazini hadi kusini, ukipanda na kushuka na mawimbi, na sauti zikaanza kutufikia juu ya maji, mtu akimwita mwenzake, kasia likigonga ubao, wimbo mfupi. Wifi alisimama kando yangu. "Mji ule pale," akasema. "Umehamia ziwani."

Hapo ndipo nilipomkumbuka mama wa kwenye treni. Mmeangalia mwezi? Hakuuliza Julai au Agosti. Mimi mtoto wa Kigoma, niliyekua nikiwasikia wavuvi wa Kibirizi na Katonga wakigawa maisha yao katika giza na mbalamwezi, nilijibu swali lake kama mtu wa kalenda. Chisense ni kama dagaa, hufuata mwanga. Usiku wa giza, taa moja juu ya mtumbwi huwakusanya kwa maelfu, na wavu huinuliwa chini yao. Usiku wa mwezi mpevu ziwa lote lina mwanga, taa inakosa kazi, samaki wanatawanyika, na mvuvi anabaki nchi kavu. Kwa hiyo kila mwezi wa angani una majuma yake ya jasho na majuma yake ya kupumzika, na fukwe zote za wavuvi wa taa, Mweru, Tanganyika, hata Viktoria, hupumua kwa mpigo huo. Kibemba husema "umweshi" kama sisi tunavyosema "mwezi", neno moja kwa kitu cha angani na kwa hesabu ya siku. Wazee waliotuachia neno hilo hawakuwa wamekosa jingine. Walikuwa wakiishi hivyo.

Nilimuuliza mama mwenye nyumba Kabuta ilikuwaje juma lililopita, wakati sisi tuko Kashikishi na mwezi umejaa. Alicheka mpaka akashika goti. Juma lililopita, alisema, tusingelala. Vijana wote walikuwa nyumbani. Mpira ulichezwa ufukweni kwa mwanga wa mwezi, palikuwa na harusi, na ngoma ilifika alfajiri. Na Kashikishi sasa? Akainua mabega. Nako wako majini.

Siku zile nne za Kabuta zilinifundisha ratiba nyingine. Alfajiri, kabla jua halijatoka, mitumbwi ilirudi na ufukwe ukageuka soko kwa muda wa saa moja na nusu. Wanawake waliingia maji ya magoti na mabeseni, bei zikapigwa papo hapo, na wachuuzi waliotoka mjini wakabeba. Sehemu iliyobaki ilimwagwa juu ya mchanga uliofagiliwa, ikasambazwa kwa mikono mpaka ufukwe ukameta. Tulimsaidia mama kugeuza zake. Siku moja ya jua kali hukausha chisense barabara, lakini wingu likipita kila mtu huinua macho, kwa sababu mvua ya nusu saa huharibu mavuno ya usiku mzima. Wifi, aliyesema kimya atakikuta kaburini, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamka. Saa ile ya alfajiri ilikuwa na watu, biashara na vicheko kuliko jioni zote za Kashikishi. Mimi nami nilipata changu baadaye, kuanzia saa nne hadi saa tisa, kijiji kinapolala na maji yakabaki kuongea peke yake.

Kuna salamu ya Kibemba tuliyofundishwa pale, nayo haina mwenzake kamili kwetu, ingawa "pole na kazi" iko karibu. Ukimkuta mtu anafanya kazi unamwambia "Mwabombeni", yaani unamkubalia kwamba amefanya kazi, unaona. Kila asubuhi tuliisema kwa kila aliyepita na beseni. Nadhani mgeni yeyote anayekwenda kupumzika mahali ambapo wengine wanajitafutia riziki anahitaji salamu hiyo kabla ya nyingine zote.

Nimeulizwa tangu nirudi, kati ya Kashikishi na Kabuta niende wapi? Najibu kwa jinsi nilivyoona. Kashikishi ina soko, usafiri, hospitali ya misheni ya Mtakatifu Paulo, na Kiswahili cha Kongo cha kukutoa upweke. Mtu anayesafiri na mtoto mdogo au mzee akae hapo. Kabuta ina mchanga, uwanja wa mama mmoja na muda. Lakini kabla ya kuchagua mji, chagua usiku. Mwezi mpevu huleta watu nchi kavu kote. Giza huwapeleka majini, likakuachia mchana mtulivu na usiku wa taa ambao siwezi kuulinganisha na kitu. Usiende kati ya Desemba na mwisho wa Februari ukitarajia kuyakuta niliyoyakuta, maana kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba Zambia hufunga uvuvi ili samaki wazaliane, na mwalo hubadilika. Beba chandarua na ukitumie, kwa kuwa Nchelenge ina malaria nyingi kuliko wilaya nyingi za Zambia. Na usiingie majini kwa kuona tu yametulia. Uliza wenyeji. Kuna kichocho, kuna mamba, na wao wanajua pa kuogea.

Usiku wa mwisho tulirudi kulala Kashikishi ili tuwahi basi. Chumba kilikuwa kilekile, mtaa uleule. Mlango mmoja tu ulikuwa na muziki, tena wa chini. Mabenchi ya drafti yalikuwa wazi. Wifi alivuta kiti, akageuza mgongo kwa mji na uso kwa ziwa, akakaa akizitazama taa mpaka saa sita. Hakusema neno, na mimi sikumsemesha.

Mama wa Kabuta alikuwa ametufungia meda mbili za chisense kwenye mfuko, moja ya kila mtu. Yangu niliipika Mbeya juma lililofuata, kwa nyanya, kitunguu na ugali wa muhogo. Kabla ya kupika niliwaosha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama alivyonielekeza, kwa kuwa wamekaushwa chini. Nilipomwaga maji ya mwisho, mchanga ulibaki umetulia kwenye sakafu ya bakuli, mweupe, laini, kiasi cha kijiko kimoja. Niliutazama kwa muda. Ulikuwa mchanga uleule nilioulalia mchana nikisikiliza kimya, na uleule walioufagia alfajiri wapate pa kuanika usiku wao.

Sijaumwaga. Uko kwenye kikombe dirishani, na simu ya wifi ilipokuja kutoka Dar es Salaam juzi, hakuuliza mwakani tunakwenda mji gani.

"Wifi," alisema, "giza la Julai linaanza tarehe ngapi?"